Futi Ishirini Si Nusu ya Futi Arobaini

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Mwaka huu kalamu yangu imekataa kuandika juu ya ulevi na mapenzi ya shuleni. Wenzangu wamekwisha kuyaandika hayo, tena vizuri. Mimi nataka kuandika juu ya kitu tunachopita kando yake asubuhi na jioni bila kukitazama. Kitu chenyewe ni kontena.

Sisi wa shule ya kutwa tunaotoka Kawangware, Kangemi, Uthiru na Dagoretti tumezungukwa na makontena. Kinyozi yumo ndani ya kontena. Muuza misumari na mabati yumo ndani ya kontena. Mama wa M-Pesa amekata dirisha kwenye kontena. Ukisimama kando ya Southern Bypass upande wa Dagoretti utayaona mengine juu ya malori, yakitoka Mombasa na kuelekea Naivasha, Malaba mpaka Uganda. Lakini hebu muulize mwanafunzi yeyote, kontena moja hubeba mzigo kiasi gani? Atakwambia, "Mwingi sana." Sasa mwalimu wetu wa Hisabati hana alama za "mwingi sana".

Kabla sijaanza, maneno machache juu ya jina, maana hili ni jarida la Chama cha Kiswahili na najua kuna watu watanikamata hapo. Waandishi wengi na watangazaji wa redio husema kasha na makasha. Ni neno zuri la pwani, kasha likiwa ni lile sanduku kubwa la mbao la kuwekea nguo na vitu vya thamani. Lakini ukifika Kawangware useme unatafuta kasha la futi arobaini, watu watakutazama tu. Nitasema kontena. Anayependa kasha asome kasha.

Haya. Makontena yanayosafiri baharini yana vipimo vya namna moja ulimwengu mzima. Yale tunayoyaona zaidi ni ya aina tatu. La kwanza ni la futi 20. Kwa nje lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.59. La pili ni la futi 40, lenye urefu wa mita 12.19, na upana na kimo ni vilevile. La tatu ni la futi 40 pia lakini limerefushwa kwenda juu futi moja, kwa hiyo kimo chake ni mita 2.90. Watu wa mizigo huliita la kimo kirefu. Yapo pia ya futi 45 lakini huku kwetu si mengi.

Mwenye macho makali ataona kitu hapo. Mita 6.06 ukizidisha kwa mbili hupati 12.19. Unapata 12.12. Hili lilinisumbua sana hadi nikatafuta vipimo kamili. Kontena la futi 20 ni mita 6.058 na la futi 40 ni mita 12.192. Tofauti ni milimita 76, karibu inchi tatu. Kumbe hizo inchi tatu zimeachwa makusudi! Makontena mawili ya futi 20 yakipangwa mbele na nyuma, lazima kuwe na nafasi ndogo katikati ili yasisuguane na ili kufuli ziweze kufungwa. Mawili pamoja na ile nafasi ndiyo yanatimiza futi 40 kamili. Kwa hiyo kontena la futi 20 halina futi 20. Lina futi 19 na inchi 10 na nusu. Usibishane na fundi aliyelipima akakosa futi ishirini zake.

Kwa ndani nafasi hupungua kwa sababu ya unene wa kuta na sakafu. Upana wa ndani ni kama mita 2.35 na kimo ni kama mita 2.39. Urefu ni mita 5.9 katika lile fupi, na mita 12.03 katika lile refu. Ukizidisha utapata mita za ujazo 33 kwa la futi 20, na 67 kwa la futi 40. La kimo kirefu hufikia 76. Mlango wa kontena la kimo cha kawaida ni mfupi kidogo kuliko chumba chenyewe, karibu mita 2.28 kwenda juu, na watu husahau jambo hili. Unaweza kuwa na mashine inayoenea ndani lakini haipiti mlangoni. Kama hujaelewa ukubwa, fikiria matatu mbili za abiria 14. Zote zinaingia ndani ya futi 40, moja nyuma ya nyingine, na bado kuna nafasi ya makanga kusimama.

Mpaka hapo mambo ni rahisi. Utasema basi futi 40 hubeba mara mbili ya futi 20, na kama bei ni nafuu, chukua la futi 40. Hapo ndipo wengi huangukia.

Kontena lina mipaka miwili, si mmoja. Mpaka wa kwanza ni nafasi. Mpaka wa pili ni uzito. Sasa sikiliza vizuri. Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, kontena pamoja na mzigo wake, ni kilo 30,480 kwa makontena mengi ya kisasa. Uzito huu ni huohuo kwa la futi 20 na la futi 40! La futi 20 likiwa tupu lina uzito wa kilo 2,200 hivi. La futi 40 likiwa tupu lina kilo 3,700 hivi, na la kimo kirefu karibu 3,900. Toa sasa. La futi 20 linabakiwa na nafasi ya mzigo wa tani 28. La futi 40 linabakiwa na tani 26 na ushei. Ama kweli, mdogo anamshinda mkubwa kwa kubeba!

Nilipowaeleza wenzangu darasani walikataa katakata. Mmoja aliuliza, "Yaani mtoto abebe kuliko babake?" Naam. Kwa sababu chuma cha lile refu chenyewe ni kizito zaidi, na sheria ya uzito haikuongezwa. Winchi ya bandarini, lori na reli, vyote vimetengenezwa vikijua kwamba kontena halitazidi hapo.

Ndiyo maana mzigo mzito husafiri katika futi 20. Chukua saruji. Mfuko ni kilo 50, hivyo tani 28 ni mifuko 560. Ukiipanga yote ndani ya futi 20 utaona bado kuna nafasi tupu juu, kama thuluthi ya kontena, lakini huruhusiwi kuongeza hata mfuko mmoja. Vigae vya sakafu na vyuma ni hivyohivyo. Sasa chukua godoro la futi 6 kwa 4, unene inchi 6. Moja lina mita za ujazo 0.34 hivi. Kontena la kimo kirefu litajaa kwa magodoro kama 220, na uzito wake wote haufiki hata tani tatu. Kontena limejaa pomoni na bado lori linaenda kama limebeba hewa.

Kahawa yetu iko katikati. Kahawa ya Kenya huuzwa kwa mnada pale Wakulima House katikati ya jiji, karibu na Haile Selassie Avenue, halafu husafirishwa kupitia Mombasa. Gunia la kahawa la kusafirishwa nje ni kilo 60, na kontena la futi 20 huingiza magunia 320. Zidisha, utapata kilo 19,200. Kahawa hujaza nafasi kabla haijafika mpaka wa uzito. Mitumba nayo hufungwa kwa marobota, na robota linalojulikana sana Gikomba ni la kilo 45. Tuseme mtu ametia marobota 550 katika kontena la kimo kirefu. Hizo ni kilo 24,750, karibu kabisa na mpaka. Mitumba ni nguo tu, lakini imebanwa kwa mashine mpaka imekuwa kama tofali.

Maparachichi ni hadithi nyingine. Hayo husafiri katika makontena ya baridi, yenye mashine ya friji upande wa mbele na waya wa umeme. Kuta zake ni nene kwa sababu zimejazwa kitu cha kuzuia joto, kwa hiyo nafasi ya ndani ni ndogo kuliko ya kontena la kawaida. Tena huruhusiwi kupakia mpaka darini wala kuziba sakafu, kwa maana hewa baridi hutokea chini na lazima ipate njia ya kuzunguka. Mkulima wa Murang'a hajui hayo yote, anajua tu kwamba umeme ukikatika njiani tunda lake litafika Ulaya likiwa uji.

Barabara nayo ina lake la kusema. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 inahesabu uzito kwa ekseli. Ekseli ya mbele ya kuongozea ni tani 8, jozi ya ekseli mbili za magurudumu manne manne ni tani 18, na zile tatu za nyuma pamoja ni tani 24. Jumla ni tani 50 kwa lori na trela la ekseli sita. Lori tupu na trela lake huwa na tani 15 au 16. Inabaki tani 34. Kontena moja la tani 30 linapita bila shida. Lakini trela hilohilo lina nafasi ya kuweka makontena mawili ya futi 20, na mawili yaliyojaa ni tani 61. Hapo hata uwe nani hupiti. Mawili yatapita tu kama kila moja, pamoja na mzigo wake, halizidi tani 17 hivi. Kwa hiyo ukiona lori limebeba mawili kwa pamoja, ujue hayo si ya saruji. Ama kama ni ya saruji, basi kuna jambo.

Mizani ya kupimia malori iko Mariakani, Athi River, Gilgil, Webuye na kwingineko. Wazee husema mji wa Mlolongo ulipata jina lake kutokana na foleni ndefu za malori yaliyokuwa yakingoja kupimwa pale. Nalipenda jina hilo. Ni mji mzima ulioitwa kwa sababu ya kontena zito.

Na si barabarani tu. Mwaka 2007 meli iitwayo MSC Napoli iliharibika katika dhoruba na kukwamishwa kwenye pwani ya Devon, Uingereza. Wachunguzi walipopima makontena 660 yaliyokuwa sitahani wakakuta 137 yana tofauti ya zaidi ya tani tatu na uzito ulioandikwa kwenye karatasi. Watu walidanganya, au hawakupima kabisa. Tangu tarehe 1 Julai 2016, sheria ya kimataifa ya usalama wa meli inasema kontena lisilo na uzito uliothibitishwa lisipakiwe. Nahodha hupanga mazito chini na mepesi juu. Akidanganywa, meli yake huwa kama mkokoteni uliopakiwa viazi juu ya nyanya, isipokuwa hapa ni watu wanaozama.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nijifunze haya yote, maana halikuwa somo la darasani.

Mamangu na wanawake wenzake wanne wa Kangemi huleta viatu vya watoto na vyombo vya plastiki kutoka Guangzhou, Uchina. Hawana uwezo wa kukodi kontena zima. Kwa hiyo hutumia kontena la kushirikiana. Wakala hukusanya mizigo ya watu wengi, akajaza kontena moja, na kila mmoja hulipa kulingana na nafasi yake. Nafasi hiyo hupimwa kwa mita za ujazo, na mjini watu husema tu "sibiemu". Mfanyabiashara husema, "Nina sibiemu tatu," kama anavyosema ana kilo tatu za sukari.

Mwaka jana mzigo wa mamangu ulikuwa maboksi 25 ya viatu. Muuzaji wa Uchina alikuwa ameandika kwamba kila boksi ni sentimita 60 kwa 50 kwa 40. Hesabu yake ni ya Kidato cha Kwanza. 0.6 mara 0.5 mara 0.4 ni 0.12. Mara 25 ni mita za ujazo 3 kamili. Karatasi ya wakala ikaja imeandikwa 4.02. Mama akashangaa, lakini akasema labda wao ndio wanaojua. Nikamwambia, "Mama, hebu nipe hiyo karatasi."

Nilipoitazama nikaona wakala ameandika 65 kwa 55 kwa 45. Sentimita tano tu kila upande! Ukiwa na boksi mkononi huwezi kuziona sentimita tano. Lakini 0.65 mara 0.55 mara 0.45 ni 0.160875, na mara 25 ni 4.02. Mzigo umekua kwa thuluthi nzima na hakuna kiatu hata kimoja kilichoongezeka. Ile mita moja ya ziada ilikuwa ni pesa za kunilipia chakula cha mchana shuleni kwa muhula mzima na zaidi.

Jumamosi tukaenda ghala, mimi na mama na rafiki yake mmoja, na futi ya fundi cherehani. Wakala, ambaye sitamtaja, alisema maboksi yamefura kwa unyevu wa baharini. Rafiki ya mama alimjibu kwa adabu, "Sawa mwanangu, basi tuyapime hivyo hivyo yalivyofura." Tulipima kumi mbele yake. Hakuna lililozidi 61 kwa 51 kwa 41. Hesabu ikatoka 3.19. Alinung'unika, akasema kwamba watoto wa siku hizi wana maneno mengi, lakini aliandika karatasi nyingine ya 3.2. Nasema hivi ili wenzangu wajue kwamba hesabu ya ujazo tuliyofundishwa kwa mifano ya tangi la maji ina kazi nyingine, na kazi hiyo iko Nyamakima na Kamukunji, si katika kitabu tu.

Kontena la kushirikiana lina hatari yake pia. Kwa forodha, kontena ni moja. Kama wenye mizigo ni 40 na mmoja ameficha bidhaa bandia au hakulipa ushuru wake, mlango haufunguliwi, na wale 39 wanangoja naye. Mwaka 2019 wafanyabiashara wadogo wa Nyamakima waliandamana jijini wakilalamika kwamba mizigo yao ilikuwa imekwama kwa miezi. Kungoja nako hulipiwa. Baada ya siku chache za bure bandari hudai pesa za kuhifadhi, na mwenye kontena hudai pesa za kuchelewesha chombo chake, kwa sababu kontena si lako, umekodi tu. Ndio maana siku ya kupakua utaona vijana wanakimbia kama nyumba inaungua.

Makontena yetu mengi ya Nairobi hushukia Embakasi, kwenye bandari ya nchi kavu iliyofunguliwa mwaka 1984. Zamani yaliletwa kwa reli ya zamani na kwa malori. Tangu Januari 2018 huletwa pia na treni ya mizigo ya SGR, ambayo behewa lake moja hubeba mawili ya futi 20 au moja la futi 40. Treni ya mabehewa 54 basi hubeba futi 20 zipatazo 108. Kumbuka watu wa bandari huhesabu kila kitu kwa futi 20, na kipimo hicho hukiita TEU. Futi 40 moja ni TEU mbili. Kwa hiyo ukisikia kwenye redio kwamba Mombasa ilihudumia TEU milioni 1.62 mwaka 2023, na kwamba mwaka 2024 ilivuka milioni mbili kwa mara ya kwanza, usidhani ni vyombo milioni mbili. Vingi ni futi 40, na kila kimoja kimehesabiwa mara mbili. Hata hivyo nilijaribu kufikiria futi 20 milioni mbili zimepangwa kwa mstari. Ni kilomita elfu kumi na mbili na ushei, yaani kutoka Mombasa hadi Nairobi kama mara 25. Mengi ya hayo hurudi baharini matupu, kwa vile tunanunua kuliko tunavyouza. Jambo hilo ningependa Chama cha Mijadala walichukue.

Historia nitaipitia upesi. Mmarekani mmoja mwenye malori, Malcom McLean, alichoka kuona madereva wake wakingoja kutwa nzima huku makuli wakishusha mzigo mmoja mmoja. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake Ideal X iliondoka Newark ikiwa na makontena 58 kwenda Houston. Kupakia tani moja kwa njia ya zamani kuligharimu dola 5.83, na kwa njia yake hakukufika hata senti 16. Vipimo vya futi 20 na 40 vilikubaliwa kimataifa mwishoni mwa miaka ya 1960. Leo zipo meli zinazobeba TEU zaidi ya 24,000. Ile Ever Given iliyoziba mfereji wa Suez kwa siku sita mwezi wa Machi 2021 ilikuwa na urefu wa mita 400, na uwezo wake ni TEU 20,000 hivi.

Waliopoteza ni makuli. Waliosoma riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1979, wanajua kazi ya bandari ya Zanzibar ilivyokuwa, watu wakibeba magunia kwa mabega. Mombasa nako makuli walikuwa na nguvu ya kugoma, na mgomo mkuu wa Januari 1947 uliusimamisha mji. Kontena lilimwondolea mtu gunia mgongoni, na katika kazi hiyohiyo likamwondolea kazi. Sijui kama ningemweleza kuli wa wakati ule kwamba hiyo ni heri au shari.

Sasa kitu cha kufanya mwenyewe. Nenda kwa kontena lolote la mtaani ambalo halijapakwa rangi mlangoni. Utaona herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za kwanza ni za mwenyewe, na ya nne huwa U. Tarakimu sita ni namba ya kontena. Ya saba, iliyo ndani ya kisanduku, ni ya ukaguzi, na unaweza kuitafuta kwa hesabu.

Herufi hupewa thamani. A ni 10, B ni 12, C ni 13, na kuendelea, ila unaruka 11, 22 na 33. Kwa hiyo K ni 21 na L ni 23, U ni 32 na V ni 34. Kisha zidisha ya kwanza kwa 1, ya pili kwa 2, ya tatu kwa 4, ya nne kwa 8, ukiongeza mara mbili hivyo mpaka ya kumi, ambayo ni 512. Jumlisha. Gawanya kwa 11. Baki ndiyo tarakimu ya saba, na baki ikiwa 10 huandikwa 0. Mfano unaotumiwa sana ni CSQU 305438. Jumla yake ni 6,185. Ukigawanya kwa 11 inaingia mara 562, baki 3. Na kweli kontena hilo huandikwa CSQU 305438 3. Karani wa bandari akikosea tarakimu moja tu, kompyuta inakataa papo hapo. Nimejaribu makontena saba kati ya Kangemi na Kawangware. Yote yalikubali, hata la mchinja nyama.

Chini ya namba hiyo kuna alama kama 22G1. Tarakimu ya kwanza ni urefu, 2 kwa futi 20 na 4 kwa futi 40. Ya pili ni kimo, 2 kwa cha kawaida na 5 kwa kimo kirefu. G1 ni kontena la kawaida, R1 ni la baridi. Kwa hiyo 45G1 ni futi 40 la kimo kirefu. Anayetaka kununua kontena la duka asome hapo kabla ya kutoa pesa, maana kuna wanaouza la kawaida kwa bei ya kimo kirefu, na kwa macho tu ni vigumu kuona futi moja. Juu ya mlango pia kumeandikwa uzito wa juu, uzito likiwa tupu, uzito wa mzigo na ujazo.

Kuna pia kibati kidogo cha chuma kilichopigiliwa mlangoni, kinachotakiwa na mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 juu ya usalama wa makontena. Mara nyingi humo utaona kilo 192,000. Huo ni uzito unaoweza kupangwa juu ya kontena hilo. Lakini uzito wote hukaa juu ya nguzo nne za pembeni. Kuta ni bati lililokunjwakunjwa tu, na paa limekusudiwa kuhimili watu wawili watatu wanaotembea. Fundi anaweza kukata dirisha ukutani bila hatari kubwa. Akigusa nguzo, au akizika kontena ardhini liwe ghala, kuta zitaingia ndani. Na anayeweka tangi la maji la lita elfu moja katikati ya paa la kontena lake, kama nilivyoona mahali fulani pale Uthiru, amebandika tani moja juu ya bati. Ahamishie kwenye pembe, juu ya vyuma viwili vinavyokwenda kutoka nguzo hadi nguzo.